Karanga ni wa nani?

Wiki mbili zilizopita waliingia ofisini kwangu, hapa Barabara ya Saba, mama mmoja na binti yake wa miaka 15. Binti anaigiza kwenye tamthilia ya vijana ya YouTube inayorekodiwa hapa hapa Dodoma, na uhusika wake unaitwa Karanga. (Jina nimelibadilisha, ila la kweli nalo linaliwa.) Mama alinisimulia kwamba juzi Soko la Majengo watoto walipiga kelele "Karanga! Karanga!" wakageuka watu wawili: binti yake, na kijana aliyebeba karanga kwenye sinia. Tulicheka sana. Kisha akatoa mkataba kwenye mfuko wa kitenge.

Kurasa tisa, Kiingereza kitupu. Kampuni inataka Karanga sasa aimbe: nyimbo sita na video zake, na mbele ya safari filamu. Mama alikuja kuuliza bei. "Wakili mwanangu, hii hela si ndogo hii?" Ndogo kweli. Lakini mimi nilikwama ukurasa wa saba, pale panaposema kuwa jina la Karanga, sauti yake, wimbo wowote atakaouimba, na akaunti zote za mitandao zenye jina hilo ni mali ya kampuni, milele. Akaunti yenyewe binti aliifungua kwa mikono yake, kwenye simu ya dada yake, kabla kampuni haijamjua.

Nikiwa na mteja wa namna hii huwa namsimulia habari za Hilary Duff, mwigizaji na mwimbaji wa Marekani aliyeanza akiwa mtoto, kwa sababu mambo yake yalifanyika hadharani na yamekamilika kiasi cha kutosha kujifunza.

Alizaliwa Houston, Texas, Septemba 1987. Januari 2001, akiwa na miaka 13, alianza kuonekana Disney Channel kama Lizzie McGuire, msichana wa shule mwenye aibu, huku kikatuni chake kikipayuka yale ambayo yeye hawezi kuyasema. Tamthilia ilipendwa kupita kiasi, lakini ikaishia kipindi cha 65. Wengi hudhani waliishiwa hadithi. Hapana, ni hesabu. Vipindi vitano kwa wiki, wiki 13, jumla 65: ukiwa na idadi hiyo unaweza kurusha kimoja kila siku ya kazi kwa robo mwaka, kisha unarudi mwanzo. Kwa miaka mingi Disney Channel ilikuwa ikisimama hapo. Kuendelea kunaongeza gharama, na mtoto anakua. Watazamaji wapya wa miaka kumi wanazaliwa kila siku, ila mwigizaji wa miaka kumi na tatu huwa naye mara moja tu.

Sasa angalia jinsi nyumba hiyo ilivyojengwa. Tamthilia ni ya Disney. Filamu iliyotoka Mei 2003 ni ya Disney. Lebo iliyotoa nyimbo za filamu, Walt Disney Records, ni ya Disney. Hollywood Records, iliyotoa albamu yake Metamorphosis Agosti 2003, ni ya Disney. Hata redio ya watoto iliyopiga nyimbo hizo ilikuwa Radio Disney. Kila chumba kinamtangazia mwenzake, na tangazo hilo halilipiwi nje ya nyumba. Metamorphosis ilifika namba moja Marekani na kuuza nakala zaidi ya milioni 3 nchini humo. Kipaji alikuwa nacho, sibishi, lakini wimbo uliingia sokoni ukiwa umeshatandikiwa zulia.

Mwezi ule ule wa Mei 2003 mazungumzo kuhusu filamu ya pili na tamthilia mpya yalivunjika. Ugomvi ulikuwa malipo. Mama yake, aliyekuwa pia akimsimamia kikazi, alikataa. Hilary alikuwa na miaka 15. (Hapo binti alimtazama mama yake, mama akatazama dirishani.) Aliondoka na sauti yake, sura yake na jina lake alilopewa na wazazi. Lizzie alibaki.

Ubaya wa kubaki huko ulionekana baada ya miaka 16. Agosti 2019 Disney ilitangaza kumrudisha Lizzie akiwa mtu mzima, na mwenye uhusika ni Hilary yule yule. Wakarekodi vipindi viwili. Yeye alitaka Lizzie wa miaka 30 aishi kama watu wa miaka 30 wanavyoishi. Kampuni ilitaka kitu cha familia nzima kukaa sebuleni. Februari 2020 akaomba hadharani tamthilia ihamishiwe Hulu, huduma nyingine ya kutazama vipindi mtandaoni. Desemba mwaka huo akatangaza kwamba haitakuwepo tena. Hakuna mtu duniani anayemfahamu Lizzie kumzidi, na bado hakuwa na namna ya kumbeba kumpeleka mlango wa pili.

Kwenye nyimbo pia kuna mtego. Nchini Marekani, wimbo ukipigwa redio za kawaida, anayelipwa ni mtunzi, siyo mwimbaji. Wimbo Come Clean, uliomtambulisha kila mahali, uliandikwa na Kara DioGuardi na John Shanks. Kufikia albamu ya Dignity ya mwaka 2007, Hilary alikuwa ameshiriki kuandika karibu nyimbo zote. Mimi naona alishajua mirabaha inatokea wapi, ingawa yeye mwenyewe angeweza kusema ni mambo ya moyo.

Turudi Majengo. Kwetu, kifungu cha 11 cha Sheria ya Mikataba kinasema makubaliano ya mtu ambaye hajafikisha umri wa utu uzima ni batili, na umri huo ni miaka 18. Ndiyo maana kampuni ilitaka saini ya mama. California wana sheria ya tangu 1939, iliyotokana na mwigizaji mtoto Jackie Coogan aliyekua na kukuta fedha zake zimeliwa na nyumbani kwake. Leo asilimia 15 ya kipato cha mtoto lazima iwekwe kwenye akaunti asiyoweza kuigusa mtu mpaka atakapokuwa mtu mzima. Huku inabaki kati ya mzazi na Mungu wake, kwa hiyo nikaiandika ndani ya mkataba kama sharti. Mama hakupenda sana. Akakubali.

Kuhusu Karanga, sikupoteza muda kumpigania. Kampuni ndiyo iliyombuni, abaki kwao. Nilichoomba ni vitu vitatu: nyimbo zitolewe kwa jina la binti mwenyewe, ambalo tutalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara; akiandika beti, jina lake liingie kama mtunzi kwenye usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki; na akaunti ibaki yake, hata wakitaka abadilishe jina.

Mawili wamekubali. La akaunti wanaligomea, jambo linaloniambia thamani iko wapi. Wakati wanaondoka binti alinipa shikamoo ya kuaga, akarudi mlangoni.

"Wakili, na ile sauti ya Karanga nikiifanya nyumbani?"

Nikamwambia nyumbani afanye. Jumatatu tunakutana nao tena.