Luteni Dunn na nishani zake

Nikiletewa medali ya zamani, sianzi na sura ya malkia. Naigeuza kwanza nitazame ukingo, maana huko ndiko jina la askari huchorwa. Medali ya vita vya Crimea, ambamo Waingereza na wenzao walipigana na Warusi mwaka 1853 hadi 1856, inatutesa sana hapo. Nyingi zilitolewa tupu; aliyetaka jina aliirudisha ikachorwe, mwingine akaipeleka kwa sonara yeyote. Herufi hazifanani, na matapeli wanalijua hilo.

Medali hiyo alipewa mtu kwa kuwapo vitani tu. Vijibamba vya fedha vilivyo juu yake, vyenye umbo la jani la mwaloni, ndivyo vinavyosema alifika wapi: Alma, Balaklava, Inkermann, Sebastopol. Inkermann ina n mbili mwishoni. Ukiona moja, rudisha pesa mfukoni.

Ushujaa una nishani yake, na hapo namkumbuka Alexander Dunn. Alizaliwa 1833 huko York, mji ambao leo ni Toronto, akaingia kikosi cha 11 cha Hussars, wapanda farasi wepesi wa Uingereza, mwaka 1852. Siku hizo uafisa wa wapanda farasi ulinunuliwa kwa fedha, kama mtu anavyonunua shamba. Kwao hazikukosekana. Kikosi chenyewe kilijulikana kwa suruali za rangi ya damu ya mzee.

Tarehe 25 Oktoba 1854 huko Balaklava, kwa amri iliyoeleweka vibaya, wapanda farasi wapatao 670 walielekezwa kwenye bonde lenye mizinga ya Warusi mbele na ubavuni. Takribani 110 waliuawa. Katika vurumai hilo Dunn aliona Warusi wenye mikuki wamemzonga Sajini Bentley kwa nyuma. Akawakata wawili watatu kwa upanga. Kisha akamwangusha mwingine aliyekuwa anamshambulia askari Levett. Alikuwa na miaka 21.

Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, alitunukiwa mwaka 1857. Ukimwacha daktari mmoja, ndiye afisa pekee aliyeupata kwa shambulio lile. Ni kipande cha shaba nyeusi kisichovutia macho hata kidogo. Geuza nyuma: tarehe ya tendo iko katikati, jina liko kwenye kijiti cha juu.

Wakati huo alikuwa ameshauza cheo akarudi Kanada. Hakutulia. Mwaka 1858 alisaidia kuunda kikosi cha 100 huko huko, na 1864 akahamia kikosi cha 33, cha waendao kwa miguu. Nacho kikapelekwa Habeshi, yaani Ethiopia, kuwakomboa mateka wa Mfalme Tewodros wa huko. Januari 25, 1868, akiwa mawindoni karibu na Senafe, Eritrea ya leo, bunduki yake mwenyewe ilifyatuka ikamuua. Kaburi lake liko huko.

Wenzake waliendelea hadi Magdala, ngome ya Tewodros, ikaanguka mwezi wa Aprili. Medali ya vita hivyo ina jina la askari limeinuliwa ndani ya shada la majani, upande wa nyuma. Ukiletewa hiyo, usihangaike na ukingo.