Mashine ya kunakili DNA haiji ikiwa imeshaunganishwa tayari

Watu wengi wanadhani kuna mtambo mmoja mzima unaelea ndani ya seli, muda ukifika unatua kwenye DNA na kuanza kazi. Sio hivyo. Chukua hamira, hii hii ya mandazi, ndiyo iliyochunguzwa sana. Kwanza ORC, kundi la protini 6 lililoripotiwa 1992 na Bell na Stillman, linashika sehemu ya DNA ambapo kunakili kutaanzia, halafu anakuja protini Cdc6, kisha protini Cdt1 akiwa ameibeba Mcm2-7, ambayo ni pete ya vipande 6, pete inafunguka inaizunguka DNA inajifunga, ya pili nayo inakuja zinakaa zimetazamana. Na hapo ndo watu wanapotea, maana pete zikishavaliwa hazifanyi kitu kabisa! Zimezunguka nyuzi zote mbili za DNA, zimetulia tu. Mpaka vimeng'enya DDK na CDK viziwashe, protini nyingine, Cdc45 na GINS, wajiunge, ndo kila pete inabaki na uzi mmoja na kuanza kuachanisha nyuzi hizo. CDK huyo huyo anazuia pete mpya zisivalishwe, la sivyo DNA ingenakiliwa mara mbili.