Kijiji cha Ufaransa si picha ya kalenda

Ukitaja kijiji cha Ufaransa, wengi huona kilima cha mizabibu, ng'ombe wachache na mzee mwenye mkate kwapani. Vijiji vya namna hiyo vipo, sikatai. Lakini nenda Beauce, uwanda wa ngano ulio kati ya Chartres na Orléans, kusini-magharibi mwa Paris, uone kama picha hiyo itasimama.

Dhana: Mashamba yako vilevile tangu enzi za mababu.

Uwanda ndio wa zamani. Mipaka ni ya juzi. Hadi katikati ya karne ya 20 mkulima wa Beauce alikuwa na vipande vyembamba, virefu, vilivyotawanyika huku na huku, kwa sababu kila mirathi iligawa ardhi upya. Trekta lingegeukia wapi humo? Sheria ya mwaka 1941 ikafungua njia, na baada ya vita wapimaji wakapita kijiji kwa kijiji: vipande vikahesabiwa, wenyewe wakabadilishana, kila mmoja akapata ardhi yake mahali pamoja. Ugomvi haukukosekana, maana udongo haulingani, na kupewa shamba kubwa lenye mawe si zawadi.

Hapo hapo ndipo ilipozaliwa dhana nyingine, kwamba Beauce ilikuwa na ua za miti, yaani uzio wa miti na vichaka kati ya mashamba, kila upande hadi matrekta yalipozing'oa. Hilo lilitokea kweli, ila zaidi magharibi, hasa Brittany na Normandy. Ufaransa nzima imepoteza takriban asilimia 70 ya ua zake tangu mwaka 1950. Beauce ilikuwa wazi tangu Zama za Kati. Ndiyo maana minara ya kanisa kuu la Chartres huonekana kutoka mbali sana, na ndiyo maana upepo uliosukuma vinu vya kusagia nafaka leo unazungusha mitambo ya umeme.

Dhana: Kila mwanakijiji ni mkulima.

Wakulima hawafiki asilimia 2 ya wafanyakazi wote wa Ufaransa. Mwaka 1970 nchi ilikuwa na mashamba ya familia na kampuni zaidi ya milioni 1.5, sensa ya kilimo ya mwaka 2020 ilikuta kama 390,000, kila moja kwa wastani hekta 69, yaani ekari 170 hivi. Ya Beauce ni makubwa zaidi. Ngano hupandwa Oktoba, huvunwa Julai, na kombaini moja hufanya kazi ya kijiji kizima cha zamani. Jirani wa mkulima huyo huenda ni muuguzi au fundi anayeendesha gari kila asubuhi kwenda mjini.

Dhana: Mwenye ekari mia tatu ni tajiri.

Ardhi nyingi ni ya kukodi, mashine ni za mkopo, na bei ya ngano hupangwa na soko la dunia. Ruzuku ya Umoja wa Ulaya husaidia, lakini sehemu kubwa hulipwa kwa hekta, kwa hiyo mwenye vingi huongezewa. Mimi naona huo ni mpango wa ajabu. Katika Ufaransa yote, takriban kaya moja ya wakulima kati ya sita inaishi chini ya mstari wa umaskini; Beauce iko upande wenye nafuu.

Dhana: Kila nyumba ina mvinyo na jibini yake.

Si Beauce. Huku ni ngano, shayiri, mahindi na viazi, na jengo refu kuliko kanisa mara nyingi ni ghala la ushirika. Duka la mikate likifungwa, vijiji vingine huwekewa mashine ya kuuza mikate.

Dhana: Kijiji kidogo hakina sauti.

Ufaransa ina manispaa karibu 35,000, na zaidi ya nusu zina wakazi chini ya 500. Kila moja ina meya na madiwani wake. Meya hufungisha ndoa, huandikisha vizazi na vifo, na husumbuliwa usiku mbwa akipotea. Halafu kuna jambo wanasiasa wa Paris hawalisahau: anayetaka kugombea urais lazima apate saini 500 za viongozi waliochaguliwa na wananchi, kutoka angalau départements 30, yaani maeneo ya utawala yaliyo chini ya mkoa. Saini ya meya wa watu 80 ni sawa na ya meya wa jiji, kwa hiyo kila uchaguzi ukikaribia, simu za vijijini huanza kulia.