Kinyozi wa Miamba ya Tanga

Hifadhi ya bahari ya hapa kwetu Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, imepewa jina la silikanti, samaki wa kina kirefu ambaye wengi wetu hatutamwona akiwa hai. Mimi ninapozamia humtafuta mwingine, asiyezidi sentimita 14, wa rangi ya buluu iliyopasuliwa na mstari mweusi unaoanzia puani na kupanuka kadiri unavyokaribia mkia. Wataalamu humwita Labroides dimidiatus. Nahodha anayetupeleka, mzee aliyevua mshipi maji haya tangu ujana wake, humwita kinyozi, nami sijapata jina linalomfaa zaidi, kwa kuwa ana kibanda chake na wateja wake, na riziki yake huitoa miilini mwao.

Kibanda hicho kwa kawaida ni jiwe la tumbawe lililochomoza, na palipogeuzwa kifusi na baruti sijawahi kukikuta. Mteja afikapo husimama tuli na kutanua mapezi, na wengine huinamisha kichwa hadi wakaonekana kama wamening'inia majini. Kinyozi humkaribia kwa kuchezesha mkia juu na chini, kisha huanza kumkagua, pezi kwa pezi. Nimemwona akiingia kinywani mwa chewa mkubwa na kutokea kwenye mashavu bila haraka yoyote, ilhali chewa yule yule angemmeza samaki mwingine wa kimo hicho pasipo kusita.

Anachokila hasa ni vijidudu vinyonyao damu, vya jamii ya kaa na kamba. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1996 ulikadiria kwamba kinyozi mmoja hula vijidudu wapatao 1,200 kwa siku. Hata hivyo, ladha anayoipenda zaidi ni ute unaoifunika ngozi ya mteja, hasa wa pono, na ute huo mteja hataki uguswe. Ukitazama kwa utulivu utaona kangaja akishtuka ghafla mwili mzima: hapo amedokolewa ute. Mteja mwenyeji humfukuza kinyozi huku na huko. Mpita njia huondoka tu na kwenda kibanda kingine. Na wale wanaoweza kumla kinyozi hudokolewa kwa nadra sana, jambo ambalo halihitaji maelezo. Kinyozi naye ana namna ya kuomba radhi, nayo ni kumpapasa mteja mgongoni kwa mapezi ya tumbo mpaka atulie. Kilichonishangaza zaidi niliposoma majaribio ya watafiti ni kwamba kinyozi huwa mwaminifu zaidi anapotazamwa na wateja wanaosubiri zamu.

Nyumbani kwake, dume mmoja huishi na majike kadhaa na kuwalinda. Akifa, jike mkubwa kuliko wote huanza kutenda kama dume ndani ya saa chache, na baada ya wiki mbili tatu huwa dume kamili mwenye kutoa mbegu. Usiku hulala ufani, ndani ya mfuko wa ute alioutengeneza mwenyewe.

Yupo pia tapeli, Aspidontus taeniatus, ambaye si wa ukoo wake kabisa lakini amevaa buluu ile ile na mstari ule ule, na hata mchezo wa mkia anauiga. Mteja akijitanua, huyu hung'ata kipande cha pezi na kutokomea. Njia ya kuwatofautisha ni mdomo: wa kinyozi uko mbele kabisa ya uso, wa tapeli uko chini ya pua. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilimnyoshea mmoja kidole bila kutazama mdomo, nikitarajia kusafishwa kucha. Nahodha alipokiona kidole changu nilipopanda chomboni, alicheka na kuniuliza, "Mwanangu, leo umenyolewa na nani?"