Beseni la Kayabwe halioni ikweta

Kila anayepita Kayabwe, Uganda, pale ikweta inapokata barabara ya Masaka, hurudi na video ileile ya maji yanayotoka kwenye beseni lenye tundu. Beseni likiwa kaskazini mwa mstari, maji yanazunguka upande mmoja. Likiwa kusini, yanazunguka upande wa pili. Likiwa juu ya mstari, yanashuka wima. Kisha inafuata ile kauli: "Nimeona kwa macho yangu." Umeona maji yakizunguka, sawa. Kwamba Dunia ndiyo iliyoyazungusha, hapana, na imetosha sasa.

Tuanze na hesabu. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56, lakini beseni halipati mzunguko huo wote. Linapata sehemu inayolingana na sine ya latitudo, yaani ya nyuzi za umbali kutoka ikweta: kwenye ncha za Dunia mzunguko wote, kwenye ikweta sifuri. Ukisimama mita 10 kutoka kwenye mstari, sine hiyo ni kama 0.0000016. Maana yake ardhi iliyo chini ya beseni lako itamaliza mzunguko mmoja kwa zaidi ya miaka 1,700. Maji uliyomimina sasa hivi, hata yakionekana yametulia, huwa yamebaki na mzunguko wake. Tuseme ni mmoja tu kwa dakika 10: huo tayari ni zaidi ya mara milioni 80 ya ule wa Dunia mahali hapo.

Mzunguko huo mdogo ndio unaokuzwa kizibo kikitolewa. Maji yanayovutwa kutoka sentimita 20 hadi sentimita 1 karibu na tundu huongeza kasi ya kuzunguka takriban mara 400, kama mtu anayezunguka kwenye kiti akiikunja mikono kifuani. Kwa hiyo anayemimina maji kwa kuyapitisha kwenye ukuta wa kulia wa beseni, au anayegeuka nalo mwili mzima kabla ya kuliweka chini, ameshaamua jibu. Maua anayoyaweka yaelee juu ya maji yanaonyesha mkono wake ulikopita. Na ukiona kaskazini maji yanafuata mishale ya saa, hata mwelekeo wenyewe ni wa kinyume: kama Dunia ingetawala, kaskazini yangekwenda kinyume cha saa.

Hapo wapo wanaorukia kosa la pili, nalo linaniudhi zaidi kwa sababu linasemwa na waliosoma: eti athari ya Coriolis, yaani jinsi mzunguko wa Dunia unavyoonekana kupindisha mwendo wa vitu, haigusi vitu vidogo. Inagusa. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alitumia tangi la duara lenye upana wa karibu mita 1.8 na kina cha maji cha sentimita 15, tundu dogo katikati kabisa, kizibo kinachotolewa kwa chini. Alilifunika, akazuia joto lisibadilike, akaacha maji yatulie saa 24. Kwa zaidi ya dakika 10 za kwanza kijiti kilichoelea hakikuonyesha kitu. Kisha kikaanza kuzunguka kinyume cha saa, kikizidi kasi hadi mwisho. Alipoacha maji saa moja au mbili tu, yalifuata upande yaliyomiminiwa. Mwaka 1965 watafiti wa Sydney, Australia, kusini mwa ikweta, walirudia jaribio hilo wakapata mwelekeo wa saa. Basi si ukubwa wa chombo peke yake. Ni utulivu na latitudo. Shapiro alikuwa kwenye nyuzi 42. Ncha ya kaskazini kabisa ya Uganda, karibu nyuzi 4, ingempa kama sehemu moja ya kumi ya alichokuwa nacho. Kayabwe, jua likipasha upande mmoja wa beseni linatosha kuharibu kila kitu, sembuse upepo wa malori.

Vitabu vyetu navyo vina deni. Vinaandika "kani ya Coriolis ikweta ni sifuri" na kuishia hapo. Neno "kani" lenyewe linanitia shaka kila ninapolifundisha, maana hakuna kinachoyasukuma maji. Ni sisi tunaopima tukiwa juu ya kitu kinachozunguka. Na sifuri hiyo ni ya sehemu ya mlalo tu; ya wima ipo. Mtu wa kilo 70 aliye kwenye gari linalokwenda mashariki kwa kilomita 100 kwa saa juu ya ikweta hupungukiwa na kama gramu 30 kwenye mizani ya springi. Akielekea magharibi, zinaongezeka.

Kuhusu wanaodai kwamba mtu hupungua uzito akifika kwenye mstari: tofauti kati ya ikweta na ncha za Dunia ni karibu asilimia 0.5. Kampala na Kayabwe hazina tofauti utakayoiona.

Ukipita tena, omba jambo moja. Beseni libaki hapohapo, upande mmoja wa mstari. Maji yamiminwe kwa kupitishwa ukuta wa kulia, kizibo kitolewe, uangalie. Lijazwe tena, mara hii kwa ukuta wa kushoto. Yatageuka mwelekeo, na beseni halijasogea hata hatua moja.