Laptopu 40 bado sio mradi

Wiki hii tena. Mwalimu mkuu mmoja kanitumia andiko la kuomba ruzuku ya elimu ya kidijitali kwa wanafunzi wa familia zisizo na uwezo, nafungua bajeti, mstari wa kwanza laptopu 40, wa pili projekta, wa tatu printa, halafu huko chini kabisa mstari wa kumi na moja "mafunzo ya walimu, siku mbili". Basi. Nimesoma maandiko ya namna hii miaka na miaka, nimechoka kumweleza mmoja mmoja, ndo maana leo naandika.

Dhana yenyewe ni hii: tupate vifaa kwanza, mengine yatajipa. Hayajipi jamani! Mwaka 2005 Nicholas Negroponte alitangaza laptopu ya dola 100 kwa watoto maskini, mradi wa One Laptop per Child, watu wakashangilia kila kona, na Peru peke yake ikanunua laptopu zaidi ya laki nane. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikatoa tathmini iliyofanywa kwenye shule 319 za vijijini hukohuko Peru: baada ya miezi kama 15 hivi hesabu na lugha hazikupanda, mwenye laptopu na asiye nayo wote palepale. Kulikuwa na nafuu kidogo kwenye vipimo vya kufikiri, nakubali, ila sio ile waliyoahidiwa wazazi. Shule nyingi hazikuwa na intaneti, na mwalimu hakupata mtu wa kumshika mkono aione laptopu inaingiaje kwenye somo lake la kesho asubuhi. Hata ile bei ya dola 100 haikufikiwa, ilizungukia 200.

Na mimi mwenyewe nimeingia chumba cha kompyuta cha shule moja ambacho kwenye taarifa kimeandikwa kinafanya kazi. Laptopu zimepangwa vizuri, plastiki bado iko kwenye skrini, soketi ya ukutani moja, ekstensheni moja ya matundu manne, na ili tuingie ilibidi tusubiri ufunguo kwa saa nzima. Walimu wakaniambia hawazigusi maana ikiharibika nani atalipa, na walikuwa na haki kuogopa, kwenye bajeti hakukuwa na hata senti ya matengenezo.

Sasa shika hili. Anayepitia andiko lako anataka kujua mwisho wa mradi mwanafunzi ataweza nini ambacho leo hawezi. "Laptopu 40 zimegawiwa" hiyo ni risiti tu. Mwandikie kwamba mtoto ataweza kutafuta taarifa na kuipima kama ni ya kweli, ataambatisha faili kwenye barua pepe, atatunza nywila yake, na utawapima kabla hujaanza na baada ya kumaliza. Wala huna haja ya kujitungia vigezo, Tume ya Ulaya ina DigComp, mwongozo wake wa ujuzi wa kidijitali, tangu 2013 yenye maeneo matano, yaani taarifa, mawasiliano, kutengeneza maudhui, usalama na kutatua matatizo, na 2018 UNESCO ikaongezea ujuzi wa kuendesha kifaa chenyewe, kitu ambacho mtoto ambaye hajawahi kushika mausi anakihitaji kabla ya vyote.

Ushauri wangu, na siubadilishi: vifaa visizidi theluthi moja ya bajeti. Hela zinazobaki ni za muda wa mwalimu, intaneti, umeme, fundi, betri, na mtu wa kufungua chumba jioni na Jumamosi, kwa sababu hawa watoto nyumbani hawana kompyuta, ukifunga saa tisa umewafungia wao. Na mkiletewa kompyuta za msaada ulizeni kwanza zinatumia mfumo gani wa uendeshaji, Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine isiyokubali toleo jipya inakuja na mzigo wake.

Dhana nyingine ninazozisikia nazipitia haraka.

"Watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu, hawahitaji kufundishwa." Utafiti wa kimataifa wa ICILS wa 2018, unaopima ujuzi wa kompyuta na taarifa, wanafunzi wa darasa la nane, waliofika ngazi ya juu kabisa ni asilimia 2 tu. Kupekua video sio ujuzi wa kupima taarifa.

"Ruzuku ni hela ya bure." Ina mkataba, ina taarifa za kila kipindi, ina ukaguzi. Hela ya mafunzo ukiihamishia kwenye mafuta ya gari bila ruhusa ya maandishi unaweza kuirudisha yote, nimeona watu wakilia kwa hili.

"Ukiandika gharama za uendeshaji utakataliwa." Nani kasema? Serikali ya Marekani kwa mfano, kwa mpokea ruzuku asiye na kiwango alichokubaliana nayo, ilipandisha kiwango cha gharama hizo kutoka asilimia 10 hadi 15 tangu Oktoba 2024. Soma masharti ya mfadhili wako, kama anaruhusu, andika, kodi na mhasibu havijilipi.

"Wanafunzi wasioona watahitaji mradi wao peke yao." Hapana, hapana. Programu ya NVDA inasoma skrini ya kompyuta kwa sauti, ni ya bure, ipo tangu 2006. Weka hedifoni na siku za mafunzo kwenye bajeti hiyohiyo.

Na ukikataliwa usilitupe andiko. Omba maoni ya waliolisoma, wafadhili wengi wanatoa ukiwaomba kwa heshima. Yule mwalimu mkuu nimemrudishia lake, sasa ana laptopu 15, mkufunzi wa mwaka mzima na fundi wa kila mwezi, dirisha la maombi linafungwa mwisho wa mwezi na jedwali la upimaji bado hajanitumia.