Je, wajua kwa nini bustani maarufu ya Delhi imejaa makaburi ya wafalme?

Asubuhi katika Bustani ya Lodi, mjini Delhi, watu hukimbia, wengine hufanya yoga, na siku za mapumziko familia hutandika vitambaa majanini na kula pamoja. Juu yao yamesimama makuba makubwa ya mawe. Mgeni lazima ajiulize: imekuwaje watu wakaja kupumzikia makaburini?

Makaburi ndiyo yaliyotangulia. Kabla ya Wamoghuli, ukoo ulioitawala India baadaye, Delhi ilitawaliwa na masultani, na baadhi yao walizikwa hapa. Muhammad Shah wa ukoo wa Sayyid alizikwa katika miaka ya 1440. Sikandar Lodi alifariki mwaka 1517, na mwanawe Ibrahim ndiye aliyemjengea kaburi. Ibrahim mwenyewe aliuawa na jeshi la Babur, mwanzilishi wa utawala wa Wamoghuli, vitani Panipat, kaskazini mwa Delhi, mwaka 1526, na utawala wa Walodi ukaishia hapo.

Hata bila kusoma maandishi unaweza kukisia aliyelala ndani ni nani. Majengo ya wafalme hawa wawili yana pembe nane na yamezungukwa na baraza yenye matao. Yale ya mraba hudhaniwa kuwa ya wakubwa wa dola.

Linalonivutia zaidi ni Bara Gumbad, yaani kuba kubwa. Kwa nje utadhani lina ghorofa mbili, maana kuta zimepangwa safu juu ya safu. Ingia ndani: ni chumba kimoja tu, kitupu hadi juu kabisa, na hakuna kaburi. Wengi huamini lilikuwa lango la msikiti ulio ubavuni mwake, uliojengwa mwaka 1494. Msikiti huo usiupite haraka. Plasta yake imechongwa aya za Kurani na maua, kwa mkono, hadi kwenye vipembe vya matao. Mihirabu yake iko upande wa magharibi, kwa kuwa ukiwa India Makka iko huko. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea kuelekea kaskazini.

Basi bustani ilitoka wapi? Baada ya masultani kutoweka, watu walijenga nyumba zao katikati ya majengo haya, na kijiji cha Khairpur kikakua. Waingereza walipohamishia mji mkuu Delhi, walikuja kulitaka eneo hilo. Wanakijiji waliondolewa, nyasi na miti ikapandwa, na tarehe 9 Aprili 1936 bustani ikafunguliwa kwa jina la Lady Willingdon, mke wa Gavana Mkuu wa India. Jina hilo bado limechongwa kwenye lango mojawapo. Naona ni haki kulikumbuka jambo hili tunapousifu utulivu wa mahali hapa: utulivu huo ulipatikana kwa kuwahamisha watu makwao.

India ilipopata uhuru mwaka 1947, bustani ilipewa jina la Walodi. Mwaka 1968 ilipangwa upya na wasanifu Joseph Allen Stein na Garrett Eckbo. Kuingia ni bure. Ukipata nafasi ya kufika, pitia pia Shish Gumbad, mkabala na Bara Gumbad, utazame vigae vya buluu vilivyosalia ukutani.